Maji ya kunywa Mwanza bila chupa: mkaa, kidonge, chujio au paa?

Familia ya watu sita humaliza karibu ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwa kunywa na chai. Ukitaka kuitoa yote kwenye chupa za lita moja na nusu, utahitaji chupa 13 kila siku, karibu 4,900 kwa mwaka. Plastiki haipotei ikitupwa. Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sangara na sato walionunuliwa sokoni hapa Mwanza: katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na vipande vidogo vya plastiki tumboni. Mwaka 2024 watafiti wa Marekani walipima maji ya chupa yenyewe kwa leza, wakakuta wastani wa chembe 240,000 za plastiki katika kila lita.

Kwa hiyo kuachana na chupa kuna maana. Ila wengi wanaoiacha wanakosea pale pale mwanzoni: wananunua kifaa kabla ya kujiuliza ni maji gani yanaingia kwenye ndoo yao. Nyumba yenye bomba Nyegezi, kaya inayochota ziwani, kwenye mwalo kule Ukerewe, na shamba lenye kisima kirefu Misungwi zina shida tatu tofauti, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Kwanza, maji yako ni yapi

Maji ya bomba mjini yanatoka ziwani, yanasafishwa na mamlaka ya maji ya jiji, MWAUWASA, katika mitambo ya Capri Point na Butimba, kisha yanatiwa klorini. Yakitoka mtamboni ni mazuri. Yanaharibika njiani. Maji yakikatika, bomba linabaki tupu, na penye ufa linanyonya uchafu wa udongo unaolizunguka. Yakirudi, uchafu huo unakuja nayo. Nyumba zilizopanda juu kwenye majabali, ambako presha huwa ndogo, hujaza simtanki na madumu wakati yanapotoka, na klorini iliyokuwemo huisha humo ndani. Kwa hiyo mwenye bomba hahitaji mtambo mkubwa. Anahitaji kuua vijidudu vilivyoingia baadaye na kuzuia vingine visiingie.

Maji ya mwaloni ni habari nyingine: yana tope, mwani, vimelea vya kinyesi, na wakati mwingine kipindupindu. Ya kisima kirefu huonekana meupe kabisa, lakini yaliyokaa kwenye miamba yanaweza kuwa na floridi au chumvi, na hizo hazitoki kwa kuchemsha wala kwa kidonge. Kuchemsha huzizidisha, maana maji yanapungua na zenyewe zinabaki. Mwenye kisima apeleke sampuli maabara ya maji kabla ya kununua chochote.

Kuchemsha dhidi ya kidonge

Hizi ndizo njia mbili zinazoshindana katika nyumba nyingi, kwa hiyo tuzitazame kwa karibu.

Mwanza iko mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na hapa maji huchemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Hilo lisikutishe. Vijidudu vinavyoleta kuhara hufa kabla ya kufika huko. Maji yakishatokota kwa mapovu makubwa, dakika moja inatosha. Ile desturi ya kuyaacha yachemke dakika kumi au ishirini ni mkaa unaoungua bure.

Na mkaa ndio gharama yenyewe. Kupandisha lita 20 kutoka nyuzi 25 hadi kuchemka kunahitaji joto la megajuli 6 hivi. Jiko la mkaa la kawaida hupoteza zaidi ya robo tatu ya joto lake, kwa hiyo ndoo moja inakula kilo 1 hadi 1.4 ya mkaa. Kwa mwezi ni kilo 30 hadi 40, na kila kilo ya mkaa uliochomwa kwenye tanuri la udongo imetokana na kilo 6 au zaidi za mti. Kwa gesi, ndoo hiyo hiyo inahitaji gramu 250 hivi ukifunika sufuria, kwa hiyo mtungi wa kilo 6 unachemsha ndoo 20 hadi 24 kisha unaisha. Kwa birika la umeme ni uniti 2. Zidisha kwa bei unayolipa wewe mwenyewe, upate gharama yako ya mwezi.

Kidonge cha klorini cha miligramu 67, kama WaterGuard au Aquatabs, kinatibu lita 20 za maji meupe. Unakitia, unakoroga kwa kitu safi, unafunika, unasubiri dakika 30. Hakuna moto, hakuna kusubiri yapoe. Faida yake kubwa ambayo watu hawaitaji ni kwamba klorini inabaki kwenye maji. Mtoto akichovya kikombe kichafu kwenye ndoo iliyochemshwa asubuhi, ndoo yote imechafuka. Kwenye ndoo yenye klorini, vijidudu hivyo hukutana na dawa iliyobaki humo.

Kidonge nacho kina mipaka. Kuna kimelea kinachoitwa kriptosporidiamu ambacho klorini ya kiwango hiki haikiui. Kwa mtoto mchanga au mtu ambaye kinga yake imeshuka, maji ya kunywa yachemshwe. Pia klorini huliwa na tope. Ukiitia kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, dawa inamalizwa na uchafu na hakuna kinachobaki kwa ajili ya vijidudu. Yachuje kwanza, kisha tumia vidonge viwili kwa ndoo.

Kanga kuukuu ni chujio la kwanza zuri kuliko inavyodhaniwa. Utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2003 uligundua kuwa kuchuja maji kwa sari ya zamani iliyokunjwa mara nne au zaidi kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vimelea vyake hujishikiza kwenye viumbe vidogo vya majini vinavyonaswa na nguo. Nguo mpya haifai sana: nyuzi za pamba iliyofuliwa mara nyingi hutawanyika na kuziba matundu. Ikunje tabaka nne mpaka nane, ifunge kwa mpira kwenye mdomo wa ndoo iache kibonde katikati, mimina polepole, halafu ifue na uianike juani. Wengine hutumia shabu au mbegu za mlonge kutuliza tope. Zote mbili zinafanya kazi, ila maji ya mlonge yasilale zaidi ya siku moja, maana mabaki ya mbegu huoza.

Harufu ya klorini ikikukera, yamimine kutoka chombo kimoja hadi kingine mara kadhaa baada ya ile nusu saa, au yaache yapoe kwenye friji. Usipunguze dozi. Na ukikosa vidonge siku ya dharura, jiki isiyo na marashi yenye nguvu ya asilimia 3.5 inafaa: mililita 1.2 kwa lita 20, ipime kwa bomba la sindano. Ichukue kutoka chupa mpya, kwa sababu jiki iliyokaa miezi kwenye joto hupoteza nguvu.

Hukumu yetu: kwa mwenye bomba mjini, kidonge kinashinda mkaa kwa gharama, kwa muda na kwa usalama wa maji yaliyohifadhiwa. Kuchemsha kubaki kwa watoto wachanga, kwa wagonjwa, na kwa chai ambayo ungeichemsha hata hivyo.

Chujio la kauri dhidi ya chujio la mchanga

Chujio la kauri huja kwa sura mbili. Kuna jungu la udongo lililopakwa madini ya fedha, linalokaa ndani ya ndoo na kutoa lita 1 hadi 3 kwa saa. Kuna na mshumaa wa kauri unaofungwa chini ya ndoo ya juu na kudondoshea ya chini. Matundu yake ni madogo kiasi cha kuzuia bakteria na hata kile kriptosporidiamu kinachoishinda klorini. Virusi ni vidogo zaidi na vingine hupita, kwa hiyo kwa maji ya mwaloni ongeza nusu saa ya klorini kwenye ndoo ya chini.

Kinachoharibu chujio la mshumaa mara nyingi siyo mshumaa, ni pale unapofungwa. Mpira mmoja hukaa ndani ya ndoo ya juu, chini ya kitako cha mshumaa, na nati ya plastiki hukazwa kwa mkono kutoka upande wa nje. Ukikaza kwa spana, nati inapasuka au kitako kinaachana na kauri. Ukishajaza, inamisha kichwa utazame chini ya ndoo ya juu: tone linatakiwa litoke kwenye tundu la katikati ya shina tu. Likitokea pembeni ya nati, hayo ni maji machafu yanayopita bila kuchujwa, na unayanywa ukiamini yamesafishwa.

Mshumaa ukianza kutoa maji polepole, usugue kwa brashi laini chini ya maji safi, bila sabuni, maana sabuni huingia kwenye matundu na haitoki. Kila unaposafisha, kagua ufa. Loweka mshumaa mpaka ushibe maji, uzamishe kwenye beseni, kisha puliza hewa kupitia shina. Mapovu yakitoka mfululizo sehemu moja, pana ufa na mshumaa huo umekufa, hata kama macho hayauoni.

Chujio la mchanga linafaa kaya inayochota ziwani na yenye nafasi ya kuliweka, kwa sababu likijazwa lina uzito ambao hulihamishi. Ni kasha la zege lenye tabaka tatu: chini kokoto za milimita 6 hadi 12, juu yake changarawe za milimita 0.7 hadi 6, kila moja kama sentimita 5, kisha mchanga laini usiozidi milimita 0.7 unaojaza zaidi ya nusu mita. Mchanga bora unatokana na mawe yaliyopondwa na kuoshwa. Wa ufukweni umejaa uchafu na chembe zake zimechakaa. Mwanza ni mji wa mawe, vumbi la machimbo ya kokoto lipo tele. Kazi ni kulichekecha na kuliosha.

Kinachosafisha hasa ni utando hai unaoota juu ya mchanga, na huo huchukua wiki mbili hadi nne kukomaa. Kabla ya hapo tumia kidonge. Ili utando uishi, maji yakisimama lazima yabaki sentimita 5 juu ya mchanga. Yakishuka utakauka, yakizidi utakosa hewa. Mimina lita 12 kwa mara moja, lipumzishe angalau saa moja, wala lisikae zaidi ya saa 48 bila maji mapya. Pima kasi kwa chupa ya lita moja: ikijaa chini ya dakika mbili na nusu, chembe za mchanga wako ni kubwa mno.

Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo kati ya hayo mawili. Maji ya bomba yana klorini, na klorini inaua ule utando. Mwenye bomba asijenge chujio la mchanga, achukue kauri. Mwenye mwalo anaweza kuchukua lolote, na penye tope jingi mchanga utamtumikia vizuri zaidi, maana kauri ingemtaka asugue karibu kila siku.

Siku ziwa linapokuwa kijani

Kuna nyakati Ghuba ya Mwanza hufunikwa na utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, wenye harufu ya uvundo. Hiyo ni mwani wa bluu-kijani, na aina zake kadhaa hutengeneza sumu ya ini inayoitwa maikrosistini. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo chake katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 1 kwa lita. Sumu hiyo haiharibiki kwa kuchemsha. Kibaya zaidi, ukiuchemsha mwani wenyewe seli zinapasuka na kumwaga sumu iliyokuwa ndani. Ukiutia klorini kabla ya kuchuja, vivyo hivyo.

Kwa hiyo siku hizo usichote kwenye utando, wala upande ambao upepo unausukumia. Nenda upande upepo unakotokea, chota chini ya uso wa maji. Chuja kwanza kwa kanga, kisha kauri au mchanga, ili seli zitoke zikiwa nzima. Kidonge kije mwisho. Sumu iliyokwisha kuyeyuka kwenye maji hupunguzwa na mkaa maalumu unaowekwa ndani ya baadhi ya mishumaa, lakini uwezo wake huisha baada ya miezi kadhaa na kwa macho huwezi kujua. Kama una maji ya mvua au ya bomba karibu, hizo ndizo siku za kuyatumia.

Na kichocho? Kimelea chake huingia kupitia ngozi unapokanyaga majini kuchota, na kichocho cha tumbo kimeenea sana visiwani Ukerewe. Maji yakishachotwa na kukaa saa 48 kwenye pipa lililofunikwa, lisilo na konokono, kimelea hicho huwa kimekufa, na maji yanafaa kuoga. Kwa kunywa, bado yatibiwe.

Paa

Mvua ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote hapa kwetu, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwa mwenye bati zuri. Mwanza hupata kama milimita 1,000 kwa mwaka, vuli na masika. Kila milimita moja kwenye paa la mita 50 za mraba ni lita 50; toa moja ya tano inayopotea, unabaki na 40. Kwa mwaka ni lita 40,000.

Hutaki tangi la kuhifadhi zote. Hesabu kiangazi tu: siku 100 kwa lita 20 ni lita 2,000. Simtanki moja ya ukubwa huo, ikiachwa kwa kunywa pekee, inaivusha familia kiangazi.

Kinachohitajika ni gata lenye mteremko, wavu, na bomba la kutupa maji ya kwanza. Paa la mita 50 za mraba linataka kutupa angalau lita 25 za mwanzo, zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Bomba la PVC la inchi 4 linabeba lita 8 hivi kwa kila mita, kwa hiyo mita 3 na robo zilizosimamishwa wima kabla ya tangi zinatosha. Ziba chini kwa kifuniko cha kufungua, toboa kitundu kidogo ili lijimwage lenyewe baada ya mvua. Kitundu hicho huziba kwa majani. Likibaki limejaa, mvua inayofuata inapeleka uchafu wote tangini. Bati lililopakwa rangi yenye risasi, na paa la asbesto, usivunie maji ya kunywa. Na maji ya mvua nayo yatiwe kidonge.

Mashine, na chupa za kurudisha

Wauzaji wa mashine za RO, zinazosukuma maji kupitia utando mwembamba ili kuondoa chumvi, hupenda kuonyesha kipima cha TDS: maji yako yanasoma namba fulani, yao yanasoma karibu sifuri. Wengine huchomeka vyuma viwili vya umeme, na maji yako yanageuka kahawia mbele ya macho yako. Kipima hicho hupima chumvi zilizoyeyuka. Hakioni kijidudu hata kimoja. Ule ukahawia ni kutu ya chuma chenyewe, unatokea kwenye maji yoyote yenye madini. Maji ya Ziwa Victoria yana chumvi chache mno kwa asili, kwa hiyo mashine ya kuondoa chumvi haina kazi hapa, na nyingi za nyumbani humwaga lita mbili au tatu kwa kila lita moja wanayokupa. Katika nyumba inayosubiri mgawo, huo ni ubadhirifu. RO inafaa kwa kisima ambacho maabara imethibitisha kina floridi au chumvi kupita kiasi.

Taa ya UV, yaani ya mwanga wa urujuanimno, inaua vijidudu vizuri, lakini inataka umeme na maji meupe, na haiachi kinga yoyote baada ya hapo. Jua la bure linafanya kazi karibu na hiyo: chupa ya plastiki angavu isiyozidi lita 2, ilazwe juu ya bati saa 6, au siku mbili mawingu yakitanda. Isimamishe juu ya gazeti kwanza. Kama hukisomi kichwa cha habari ukitazama kupitia mdomo wake, maji yana tope mno.

Ofisi na shule ambazo lazima zinunue, zichukue chupa za kurudisha za lita 18.9. Hapo mkosaji ni kifaa cha kugawia, ambacho huoshwa mara chache sana. Kifunguliwe kila mwezi, koki ziloweke kwenye maji ya klorini. Chupa zisipangwe juani. Zikiota ukijani ndani, zirudishwe.

Njia yoyote utakayochukua, ndoo ya mwisho iwe na kifuniko na koki, isichovywe kata. Maji yakirudi baada ya mgawo, ya kwanza yenye rangi yawe ya choo na kufua, ndoo ya kunywa ijazwe yakishakuwa meupe. Simtanki ifunguliwe na kusuguliwa kila miezi sita.

Kabla hujamlipa muuza chujio, muulize: linazuia nini kati ya bakteria, virusi na kemikali, lita ngapi kwa saa, mshumaa au katriji ya kubadilisha inauzwa wapi hapa Mwanza na kwa bei gani, na baada ya lita ngapi inabadilishwa. Asipojibu la tatu, usinunue.